Jiko la Shangazi Halitapanda Basi

Kanyenye, Tabora
Jumamosi, tarehe 28 Juni, jioni

Milembe mwanangu,

Uko chumbani unapanga begi na kulipangua, nasikia zipu ikikugomea. Mimi niko huku karakanani. Nimefagia maranda juu ya benchi nikapata mahali pa kuweka daftari. Kama nia yangu ingekuwa kukuambia ule vizuri, uwaheshimu walimu wenzako na usichelewe vipindi, ningekuja mlangoni nikasema yote kwa dakika mbili, nawe ungeitikia "ndiyo baba" bila kugeuka. Hayo nayaacha. Hata namna ya kutumia hita niliyokununulia sitaiandika hapa. Nimeiandika kwenye kipande cha boksi nikakibandika ubavuni mwa katoni kwa gundi ya mbao, na unaijua gundi yangu.

Barua hii inakueleza kwa nini leo mchana, mbele ya watu waliokuja kukuaga, nilimnyang'anya shangazi yako jiko mikononi.

Najua uliona aibu. Umenizoea mtu asiyepaza sauti, hata mteja akinirudishia kabati kwa sababu mkewe kabadili mawazo. Leo nilisikia sauti yangu mwenyewe ikifika barabarani. Kwa hilo siombi radhi. Ninayo radhi nyingine ya kukuomba, kubwa zaidi, na utaikuta mbele.

Kumbuka ilivyoanza. Mwalimu mkuu wako mpya alipiga simu kutoka Makete, ukaweka sauti ya nje ili nasi tusikie. Akasema kwa ukarimu kabisa: "Mwalimu asiogope baridi. Huku kila nyumba ina jiko lake. Jioni tunalikoleza, tunaliingiza chumbani, tunafunga, tunalala." Wewe ukacheka ukasema, "Nitazoea, mwalimu." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini nikainuka.

Kabla sijapata la kusema, shangazi yako Kalunde akaingia kutoka Itetemia, jiko kichwani, limefungwa kwa khanga mpya. Akalifungua mbele ya wote kama anayefungua mahari.

"Mwanangu haendi kufa kwa baridi ya watu," akasema. "Tazameni bati hilo. Udongo umechomwa mara mbili. Unalikoleza mpaka mkaa uwe mwekundu, unaliingiza ndani, unafunga dirisha, unalala kama uko tumboni mwa mama yako."

Nikasema, "Dada, hilo jiko halitapanda basi."

"Kwani basi ni lako?"

Watu wakacheka, hata wewe. Nikaonyesha katoni la hita pale ukutani, lenye picha yake. Nikasema mtoto anayo ya umeme, nimemnunulia.

"Hilo dude!" akasema. "Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, wakarudi na vitambaa na shanga. Mjukuu wao anabeba pasi yenye magurudumu! Haya, na umeme ukikatika je? Atajifunika nini, maneno yako?"

Hapo ndipo nilipomnyang'anya lile jiko. Nikasema, "Kalunde, kati ya watu wote duniani, mimi na wewe ndio wa mwisho kumpa huyu mtoto jiko la kulalia." Akaokota khanga yake, akatoka bila kuaga. Wewe ukaniuliza, "Baba, una nini?" Nikakujibu kwamba nitakuandikia.

Basi naandika.

Mama yako hakufa kwa uzazi.

Ulipokuwa na miaka tisa ulisimama hapa hapa nilipokaa, umevaa sare, ukaniuliza mama aliumwa nini. Nilikuwa napiga randa ubao wa mlango. Nikasema, "Uzazi," nikaendelea na randa. Ulingoja kidogo, kisha ukaokota kipande kirefu cha maranda ukakivaa mkononi kama bangili ukaenda zako. Bangili ile naiona mpaka leo. Ulikuwa umeuliza vizuri, nami nikakujibu kama mtu aliyeulizwa bei.

Esta, mama yako, alikuwa na mazoea ya kuchukua penseli yangu sikioni bila kuomba, akaandikia orodha ya sokoni, akairudisha sikio la upande mwingine ili nijue imetumika. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinaisha kisigino upande mmoja tu. Akichambua mchele alikuwa anaimba kwa pua, na akikuta jiwe anakaa kimya, analitupa, anaanza wimbo upya kutoka mwanzo. Wimbo mmoja ulikuwa hauishi mpaka mchele uishe. Nakuandikia haya kwanza kwa sababu kwa miaka kumi na saba nimekuwa na hofu kwamba nikianza kusema alivyokufa, hakuna atakayekumbuka kitu kingine.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia nyumba hii. Ilikuwa ya kwanza mtaani kuwa na silingibodi, na madirisha yake niliyatengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga. Nilikuwa kijana mwenye majivuno ya kazi. Nilikuwa nafunga dirisha, nashika karatasi ya sigara kwenye ungio, na ikitikisika hata kidogo nalishusha lote naanza upya. Watu wa mjini walikuwa wakisema, milango ya yule fundi haipitishi hata umbea.

Mdogo wako alizaliwa Julai, kipupwe kikali. Alikuwa wa kiume. Nilikuwa nimempangia jina la Masanja, sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Naliandika hapa kwa mara ya kwanza. Mama yako alikaa ndani kama mzazi anavyokaa kwetu: anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na jiko la mkaa liko chumbani asubuhi na jioni, ili yeye na mtoto wasipigwe na baridi. Bibi yako, mama yangu, ndiye aliyeamuru. Shangazi yako ndiye aliyewasha. Na mimi nililalamikiwa na mama yangu kwamba kuna upepo unaingia.

Upepo, kwenye dirisha langu! Nilikwenda Mihogoni kwa mrina asali mmoja nikanunua donge la nta. Nikaiyeyusha, nikazungusha dirisha lote kwa kidole, ndani na nje, nikaziba hata tundu la kitasa. Chini ya mlango nikaweka kitenge nilichokunja. Mama yako alikuwa kitandani ananitazama, akaniambia, "Fundi, sasa hata malaika atabisha hodi." Nilicheka. Nilifurahi sana kusifiwa.

Siku ya tano alisema kichwa kinamuuma. Tukasema ni damu ya uzazi. Siku ya sita akasema tena, akatapika uji. Alasiri hiyo akaja Bibi Tausi, jirani yetu wa nyumba ya tatu, kuangalia mtoto. Aliingia, akasimama kizingitini, akasema, "Mbona hewa ya humu ni nzito hivi? Fungueni dirisha, wanangu, huyu mzazi apate pumzi." Mama yangu akamjibu kwamba mzazi hafunguliwi dirisha Julai. Bibi Tausi akarudia mara mbili. Kisha akaenda zake.

Jioni ile wewe ulilia kwenda na shangazi yako Itetemia, ukalale na binamu zako. Ulilia mpaka ukashinda. Shangazi akakoleza jiko, akalipepea, akaliingiza chumbani, akakubeba mgongoni akaondoka nawe. Kwa kawaida ulikuwa unalala miguuni mwa mama yako.

Asubuhi nilitoka sebuleni, nilikokuwa nalala tangu azae, nikabisha hodi mwenyewe. Chumba kilikuwa na joto zuri, Milembe. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote. Mkaa ulikuwa umebaki majivu meupe, nta haikuwa na ufa, na walikuwa wamelala wote wawili kama watu waliopata joto.

Hospitali daktari kijana alinitoa ukumbini. Akauliza, "Mlikuwa na jiko ndani?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na madirisha?" Nikamjibu, kwa fahari, bado kwa fahari, "Yamefungwa sawasawa, daktari. Mimi ni fundi." Akanieleza polepole kwamba mkaa unapowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya hewa, na mtu haamki. Akaiandika kwenye karatasi. Niliikunja mara nne nikaiweka ndani ya kisanduku cha patasi.

Nilipofika nyumbani walikuwa wameshapata jibu lao. Mkono wa mtu. Bibi Tausi amesimama kizingitini akasema mzazi hana pumzi, na kesho yake mzazi hana pumzi. Alijuaje? Na macho yake yale mekundu! Macho mekundu ya mwanamke aliyepikia kuni miaka sitini. Mimi nilikuwa na karatasi kwenye kisanduku, hatua kumi kutoka pale walipokaa, na sikufungua mdomo. Kusema kwamba si yeye, ilikuwa lazima niseme ni nani. Ni mama yangu aliyeamuru, dada yangu aliyewasha, na mimi niliyeziba. Nikaona afadhali mzee wa watu abebe.

Hawakumpiga. Waliacha tu kumsalimia. Watoto wakafundishwa kupita upande wa pili wa njia. Akipita sokoni wanawake wanafunika vyakula vyao. Baada ya miezi michache alifunga mkeka wake akaenda Choma kwa wana wa kaka yake, wafuga ng'ombe. Nilimwona siku anaondoka. Nilikuwa napaka vanishi. Aliniambia, "Kwaheri, fundi," nami nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mikono ilikuwa na vanishi. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Nilibeba siri hiyo kwa miaka kumi na moja. Mama yangu alifariki akiwa anaamini alichoamini. Wewe ukaenda shule ya bweni, nyumba ikawa kimya, na siku moja nilimpigia mteja dirisha la chumba cha mtoto, nikashika karatasi kwenye ungio, haikutikisika. Nikalishusha lote palepale. Kesho yake nikapanda gari la Igunga, na kutoka pale pikipiki mpaka Choma.

Nilimkuta amekaa chini anapukuchua mahindi. Amekonda, lakini sauti ni ile ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Fundi. Wa Kanyenye. Mume wa Esta."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. "Umekuja na panga au mikono mitupu?"

"Mitupu, bibi."

"Basi kaa."

Nikamweleza yote, nta, karatasi ya daktari, vanishi. Hakushangaa hata kidogo. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Nikiwa msichana nilianguka ndani ya bani la kukaushia tumbaku, moto umewashwa na mlango umefungwa. Kichwa kinauma kwanza, halafu unasikia usingizi mtamu. Wenzangu walinivuta miguu. Nilipoingia kwa mkeo nikausikia ule uzito. Nikawaambia fungueni. Mkaniuliza nimejuaje, na hamkungoja nijibu."

Nikamwomba anisamehe. Akacheka, kicheko kifupi.

"Msamaha wangu utaupigilia misumari wapi? Mimi si mlango. Nenda ukaseme kule mliposema. Ukimaliza kusema, rudi, tutaongea habari za msamaha."

Nikaja nikaita kikao cha ukoo, wakakaa sebuleni hapo. Nikatoa karatasi, nikaisoma. Baba yangu mdogo akaniuliza, "Unataka kutuambia mama yako mzazi aliua?" Nikasema, "Nataka kuwaambia mimi niliziba, na Bibi Tausi hakufanya kitu." Wakagawanyika. Wengine waliniambia kwamba mimi pia nimerogwa. Wengine walisema sawa, tumesikia, lakini yaishie humu, mtoto asiambiwe. Shangazi yako aliinuka akaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Hapo nikafanya kosa langu la mwisho. Nilikubali usiambiwe. Nilisema ni kwa ajili yako. Haikuwa kwa ajili yako. Ulikuwa na miaka kumi na sita, una akili kuliko wengi waliokuwa mle ndani. Nilitaka tu mtu mmoja hapa duniani aendelee kunitazama kama fundi mzuri. Hiyo ndiyo radhi ninayokuomba. Ulipotezewa mama, halafu ukanyimwa ukweli wake, na aliyekunyima ni mimi.

Nilirudi Choma kwa Bibi Tausi mwaka uliofuata. Habari za msamaha tuliziongea. Hayo ni ya kwetu wawili, na sasa yeye hayupo. Ila niliwaomba wana wa kaka yake nimtengenezee mwenyewe sanduku la maziko, wakakubali.

Tangu siku ile niliyolishusha dirisha la mteja sitengenezi dirisha la chumba cha kulala bila matundu ya hewa juu, matatu, yenye wavu wa mbu. Ndiyo maana naitwa Fundi Matundu. Ulikuwa unadhani ni utani wa mjini. Mteja ananiambia, "Fundi, nakulipa uzibe au utoboe?" Namwambia, "Unalipa uamke." Wengine wamehama, wamekwenda kwa mafundi wanaoziba vizuri. Waende. Wakitaka niwape jina la fundi mwingine nawapa, wakitaka niache matundu siachi. Nimepoteza kazi ya nyumba ya wageni nzima kwa ajili ya matundu, na nililala vizuri.

Sasa hita. Ulicheka uliposikia nimezunguka maduka ya Kanyenye wiki nzima kutafuta hita Tabora. Hata Jayesh wa duka la vifaa vya umeme alicheka.

"Fundi Matundu! Leo bawaba au misumari?"

"Hita."

"Hita?" Akamwita mkewe kutoka nyuma aje asikie. "Fundi, ngoja Oktoba, nitakupa jua bure."

Nikamweleza unakokwenda. Akaacha kucheka akapanda ngazi, akashusha tatu zilizokaa juu kabatini mpaka zikaota vumbi. Ya nne ilikuwa ya gesi, ya kutembeza na mtungi wake nyuma. Alinisifia hiyo zaidi. "Hii haijali umeme. Ukikatika, yenyewe inawaka."

"Inawaka moto?"

"Moto wa gesi, fundi, msafi, hauna moshi."

Nikamwambia airudishe juu. Kukosa moshi si hoja. Chochote kinachowaka moto chumbani kinapumua hewa ile ile unayopumua wewe, na chumba kikizibwa hakitakuuliza nani aanze kupumua. Alinishangaa nilivyosema, akairudisha.

Nikamwomba achomeke zile tatu, moja moja, tukae tunywe chai. "Fundi, hivi ni vyakula vya kuonja?" akaniuliza, lakini akaagiza chai. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya feni, nyepesi kama redio. Ilileta joto mara moja, nikaipenda. Nikaisukuma kwa mguu ikaanguka kifudifudi.

"Unaua mali yangu!"

"Subiri."

Iliendelea kupuliza pale chini, ikaanza kunukisha zulia lake. Akaichomoa mwenyewe. Nilipogusa plagi yake ilikuwa ya moto, plastiki imelainika. Ya pili ilikuwa ile yenye nyuzi nyekundu na wavu mbele. Nzuri kuitazama, unajisikia uko na mtu. Lakini nilipitisha kidole changu katikati ya wavu bila shida. Nikafikiria khanga yako inavyoburuta, na watoto wa shule watakaokuja kwako kusahihishiwa madaftari. Nikaikataa pia.

Ya tatu ndiyo hiyo uliyonayo, ya mafuta, yenye mapezi. Inachelewa. Tulimaliza chai ya kwanza haijafanya kitu, Jayesh akaanza kunitania kwamba nanunua kabati. Chai ya pili joto likaja, la taratibu, bila wekundu wowote kuonekana. Mafuta yake yamefungiwa ndani, hayaungui wala hayaishi. Ina kitufe cha kuzungusha, ikifikia joto ulilotaka inajizima, chumba kikipoa inajiwasha. Niliisukuma ikalala. Ikalia tiki, ikazima. Nikagusa plagi, ilikuwa vuguvugu tu, waya mnene. Nilirudia mara tatu kuisukuma. Mara ya nne alinisukumia Jayesh mwenyewe, kwa mguu, akasema, "Hii mimi pia naitaka sasa."

Nzito, najua. Utanilaani stendi ya Mbeya ukibadili gari. Nilaani tu, ila usiiache.

Nimeacha kuandika kidogo hapa. Shangazi yako amerudi.

Amekuja kwa bodaboda, amekataa kiti, amesimama mlangoni mwa karakana na khanga yake mkononi, ile ile ya jiko. "Liko wapi hilo dude?" akauliza. Wewe ulikuwa unaoga, hukusikia. Nimeitoa kwenye katoni nikaichomeka hapa karakanani. Tumeingoja mpaka ikapata moto. Akaweka kiganja juu yake kama anavyopima homa ya mtoto.

"Na likianguka?"

"Sukuma."

Akavua ndala, akasukuma kwa mguu. Ikalala. Tiki.

"Limekufa?"

"Limejizima lenyewe."

Akaniambia niisimamishe, akasukuma tena. Kisha akakaa juu ya gogo la mninga, akasema bila kunitazama, "Ile siku niliupepea mkaa mpaka ukawa mwekundu mtupu, usiwe na moshi hata chembe. Nilingoja sana. Milembe alikuwa pembeni yangu ananihimiza twende. Nilidhani moshi ndio mbaya."

Nikamwambia, "Na mimi nilidhani upepo ndio mbaya."

Tumelia kidogo, watu wazima wawili, mbele ya hita. Baadaye akauliza naandika nini. Nikamwambia. Nilidhani atanizuia, nikajiandaa kukataa. Akasema, "Mwandikie na langu. Mwambie aliyewasha ni mimi, asije akalisikia kwa mtu mwingine." Akakunja khanga vizuri akaniwekea juu ya benchi. "Umeme ukikatika atajifunika hii. Na blanketi, na chupa ya maji ya moto, na akibakiwa na baridi anipigie simu nimtukane apate joto." Nimeiweka kwenye begi lako, chini ya daftari za maandalio.

Jiko lake lipo uani. Halina kosa, ni jiko zuri, na kuku wa leo mliyemsifia nilimpika juu yake baada ya shangazi yako kuondoka, mahali peupe, upepo ukipita. Litakaa huko. Wewe ukirudi likizo tutapikia tena.

Utakapofika, watakuambia kule Makete kwamba wao wamelala na jiko miaka yote na hawajafa. Wengi watakuwa wanasema kweli. Hata bibi zetu walilala na moto, kwenye nyumba za nyasi zilizokuwa zinapumua kila mahali. Usiwabishie kwa ujeuri. Lakini usiingize. Mwalimu mkuu akicheka, acheke. Wakikupa jina, lichukue. Mimi langu nimelizoea, na sasa nikiitwa jina nililopewa kanisani nachelewa kuitika. Na ukimwona mzazi wa Julai amefungiwa ndani na kichwa kinamuuma, usimame kizingitini useme. Wakikuuliza umejuaje, subiri pale pale mpaka wasikie jibu.

Ndani ya katoni la hita, kwenye mfuko mdogo, utakuta kipande cha mninga. Nimekichonga leo alasiri, unene wa kidole changu cha shahada, nimekipiga msasa lakini sijakipaka vanishi. Ni cha kuweka kwenye fremu ya dirisha lako ili lisifungike kabisa, hata ukiwa na hita ya umeme, hata usiku wenye baridi kali. Ukikaza dirisha likagota kwenye kile kipande, likakataa kwenda mbele, ni mimi hapo. Nikumbuke, na mama yako, na Masanja.

Baba yako.